Mstari wa buluu

Mama alikuwa akinyanyua magunia yake ya makala, moja baada ya jingine, na kuyakalisha juu ya mawe matatu matatu kana kwamba anataka kuyapika. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, vumbi limeshaanza kurudi njiani. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi.

(Wasomaji wa Dar na Mombasa: kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, makala ni makaa. Yeye anauza makala, mimi naandika makala. Mwenye faida kati yetu mnamjua.)

Nilikuwa nyuma ya kibanda chake na mkanda wa kupimia mkononi, nikitafuta mahali ambapo mguu wa tuta letu ungekanyaga. Nikamwuliza, kwa kuzungumza tu, kwa nini anayapandisha magunia leo wakati mvua imeshapita.

"Njo naipandisha leo, Injenia. Hapa maji haikuyaka na mvua. Inakuyaka nyuma. Mvua inaisha, siku ya tatu njo inatoka hapa chini."

Yaani hapo maji hayaji pamoja na mvua, huja baadaye. Nikasema, "Pole, Mama." Nikaendelea kupima.

Neno lile lilinifuata wiki tano.

## 1.46

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Mzee mmoja ana parseli, kipande cha ardhi, upande wa Kadutu, si mbali na Funu, na parseli yake, kama nyingi za huko, imesimama kuliko ilivyolala. Alitaka kiwanja cha usawa ajenge nyumba ya kupangisha. Ukuta wa mawe aliukataa mapema: jirani yake alijenga mmoja kwa pesa nyingi, bila matundu ya kutolea maji, na mwaka wa pili ukaota kitambi.

Nikampendekezea udongo ulioimarishwa. Tuta la mita 7, kwa udongo huuhuu wetu mwekundu, ukishindiliwa tabaka kwa tabaka, na kila sentimita 60 unatandazwa wavu wa plastiki ngumu uitwao jiogridi. Safu 11, kila moja ikiingia ndani mita 5. Udongo hauogopi kukandamizwa, unaogopa kuvutwa. Wavu ndio unaovutwa badala yake. Mfaransa Henri Vidal alichukua hataza ya wazo hili mwaka 1963, akitumia vipande vya chuma, na akaliita terre armée. Ardhi yenye silaha. Jina ambalo huku Kivu usilitamke kwa sauti mbele ya kizuizi.

Halafu nikaliingiza tuta lote kwenye programu.

Kwa wasiowahi kuiona kazi hii: unachora mlima ukiwa umekatwa ubavuni, unaipa kila tabaka ya udongo uzito wake, mshikamano wake na pembe yake ya msuguano (hivi viwili ndivyo vinavyosema udongo unashika kiasi gani), unaweka safu za wavu, halafu programu inajaribu maelfu ya maduara. Kila duara ni njia moja ambayo mlima ungeweza kuteleza. Kipande kilicho juu ya duara hukatwakatwa vipande vyembamba kama mkate, na kwa kila kipande huulizwa: uzito unavuta kiasi gani, udongo unashika kiasi gani. Kinachoshika ukikigawa kwa kinachovuta, unapata kipimo cha usalama. Chini ya 1, mlima hauna haki ya kuwa pale ulipo.

Njia hii ina zaidi ya miaka 100. Ilizaliwa Sweden, baada ya gati la bandari ya Göteborg kuteleza majini mwaka 1916, na wahandisi wa kule wakagundua kwamba udongo ulikuwa umeteleza kwa umbo la duara. Mhandisi Mwingereza, Alan Bishop, aliiboresha mwaka 1955. Walichokifanya wao kwa siku kadhaa na rula ya hesabu, kompyuta yangu inakifanya kabla sijamaliza kupuliza chai.

Ikaniletea 1.46. Kwa kijani.

Wengi wetu tunatafuta 1.3 kwa mteremko wa kawaida, 1.5 pale penye watu au penye mashaka. Nilijiona niko pazuri. Nilikuwa hata nimekuwa mwangalifu kuliko desturi: wavu wenye nguvu ya kilonyutoni 80 kwa mita kwenye karatasi ya muuzaji nilikuwa nimeugawa kwa sababu ya kunyooka polepole miaka na miaka, nikagawa tena kwa sababu ya mikwaruzo ya mawe wakati wa kushindilia, nikagawa tena kwa sababu ya kemia ya udongo, nikabaki na 36. Tetemeko pia nilikuwa nimeliweka. Nani wa Bukavu asiyekumbuka Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008? Nikausukuma mlima kwa ubavu na asilimia 10 ya uzito wake, ukakaa.

Nikachapisha ukurasa wenye kijani nikampelekea mzee. Akaukunja mara nne akautia mfukoni mwa shati.

## Siku ya tatu

Kilichonisumbua si kwamba maji yalitoka. Katika mji huu maji hutoka popote. Kilichonisumbua ni kuchelewa kwake.

Maji ya juu ya ardhi hayachelewi. Yanashuka ngazi zetu za udongo pamoja na mvua, yanapita na ndala za watoto, yanafika ziwani yakiwa bado na hasira. Maji yanayochukua siku tatu yamepita pengine. Yameingia ndani. Yametembea ndani ya mlima, polepole, yakapenya mahali fulani, na ndiyo hayo yanayotokeza chini ya magunia.

Na kama yanatembea ndani ya mlima siku tatu, basi kwa siku tatu mlima una maji tumboni wakati sisi tunasema mvua imeisha.

Usiku ule umeme haukuwepo, kama mnavyojua. Nilikuwa na betri ya saa mbili hivi. Nikafungua faili, si kwa nia ya kubadilisha kitu, nilitaka tu kutazama. Mwamba wa basalti chini kabisa, kijivu. Juu yake basalti iliyooza ikawa udongo mfinyanzi, hudhurungi. Tuta langu, jekundu, na mistari 11 ya wavu kama meno ya kitana. Na chini kabisa, karibu na mwamba, mstari wa buluu.

Mstari wa buluu ndio kiwango cha maji. Chini yake udongo umelowa kabisa na maji yanasukuma. Juu yake programu inachukulia kwamba hakuna maji.

Mstari ule ulikuwa umenyooka sana.

Nikakaa nikijiuliza nani aliuchora. Si maabara. Si mtu wa kuchimba. Niliuchora mimi, kwa kubofya mara mbili, mara moja kushoto na mara moja kulia, mita 9 chini, kwa sababu shimo tulilochimba kwa mkono lilifika mita 6 na halikutoa tone. Na shimo lile tulilichimba Julai.

Julai! Katikati ya kiangazi, wakati hata wapika matofali wanaomba mawingu.

Kwenye plastiki nilikuwa nimehesabu kama mfamasia. Kwenye maji nilibofya mara mbili.

## Maji yanavyofanya kazi yake

Wengi hudhani maji huangusha mlima kwa kuutia uzito, au kwa kuupaka utelezi kama sabuni. Yapo hayo, lakini ubaya mkubwa uko kwingine. Chembe za udongo hushikana kwa sababu zinabanana, na zinabanana kwa uzito wa udongo ulio juu yake. Maji yakijaa katikati yanabeba sehemu ya uzito ule. Chembe zinapumzika. Na chembe iliyopumzika haishiki.

Chukua safu moja ya wavu wangu, ile iliyo mita 3 chini ya uso wa tuta. Udongo ulio juu yake unaikandamiza kwa kilopaskali 54. Maji yakipanda mita moja na nusu juu ya safu ile, yanasukuma kwa 15. Kinachobaki kuubana wavu ni 39. Zaidi ya robo ya mkono ulioushika imeachia, na plastiki yenyewe haijakatika hata uzi mmoja. Wavu unatoka kwenye udongo ukiwa mzima, kama mkia wa ndege mikononi mwa mtoto.

Na maji ya mlima wetu si ya mawingu peke yake. Hilo nilikuwa nalijua kwa kichwa, ila sikuwahi kuliingiza kwenye faili. Juu ya parseli ya mzee niliwahi kuhesabu, nikiwa nimesimama tu, mapaa 30 na zaidi ya mabati yasiyo na mfereji. Kila paa lina choo chake cha shimo. Kila nyumba inamwaga maji ya kufulia pale pale mlangoni. Kuna bomba lililopasuka ambalo watoto wanachotea maji tangu sijui lini, na hakuna anayetaka litengenezwe kwa sababu ndilo pekee lenye maji. Yote hayo yanaingia ardhini, kiangazi na masika.

Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti juu ya mporomoko wa Funu, ule mkubwa unaotembea polepole na watu wote waliojenga juu yake. Watafiti walirudi nyuma kwa picha za ndege na za satelaiti kama miaka 70. Walichokiona ni kwamba sehemu ya mlima iliongeza mwendo kadiri mji ulivyojaa juu yake, na maji ya mji yakiwa miongoni mwa sababu zinazoshukiwa. Niliusoma ulipotoka. Niliwatumia wenzangu. Nikauweka kwenye folda yenye jina "Muhimu".

Halafu nikachora mstari ulionyooka.

## Maabara haikudanganya

Betri ilikuwa imebaki na dakika 40. Nikafungua ripoti ya maabara, ile niliyoichukulia namba mbili tu. Mshikamano, kilopaskali 20. Pembe, digrii 28. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sentensi ambayo sikuwahi kuisoma: sampuli zilipimwa katika unyevu wake wa asili.

Unyevu wa asili wa Julai.

Unga wa fufu ukiunyunyizia maji kidogo unashikana ngumini, unaweza kuufinyanga mpira ukamrushia mtu. Ongeza maji, unakupita katikati ya vidole. Udongo wetu mwekundu ni hivyo hivyo. Usipojaa maji, maji machache yaliyomo yanazivuta chembe zikaribiane, na mvuto ule kwenye mashine ya maabara unaonekana kama mshikamano. Ndiyo maana mjini kwetu unaona mtu amekata ukingo wima wa mita 4 nyuma ya nyumba na ukingo umesimama kiangazi kizima, miaka mitatu mfululizo, hadi mwenye nyumba akaanza kuuita ukuta. Kumbe ni mkopo.

Maabara ilipima nilichoipelekea. Sikuwaambia waloweshe.

Nikapeleka sampuli nyingine, safari hii nikalipa ziloweshwe kwanza. Wiki mbili na nusu. Pembe ikashuka kidogo sana. Mshikamano ukarudi 6.

Nikaingiza 6 mahali pa 20, bila kugusa kitu kingine. Ikawa 1.29. Nikajiambia, si mbaya, 1.3 kasoro hewa. Halafu nikaufuta mstari wa buluu nikauchora upya, safari hii nikianzia pale ninapopajua kwa macho, kwenye magunia ya mama, uso wa ardhi, nikaupandisha kuelekea juu ya mlima kwa mteremko niliodhani unafaa.

1.11.

Kijani kiliondoka. Programu yangu hupaka rangi ya chungwa ikifika hapo.

## Sanduku

Ningeweza kuishia hapo. Ningeongeza safu mbili za wavu, ningerefusha zote kutoka mita 5 hadi 7, na nina hakika ningepata tena kijani changu. Kwa kweli nilianza kufanya hivyo. Mita 6: ikapanda kidogo. Mita 7: ikapanda kidogo zaidi. Mita 8: haikupanda.

Mita 9, haikupanda.

Mwenye kutumia programu hizi anajua dalili hiyo ni ya nini, na mimi ninazitumia tangu chuoni, lakini nilikaa robo saa nzima nikiitazama namba isiyosogea kama mtu anayebonyeza swichi umeme ukiwa umekatika.

Ukitaka programu itafute maduara, unaichorea kwanza sanduku la kutafutia: vitovu viwe kati ya hapa na hapa, kina kisizidi hapa. Bila sanduku inatangatanga. Nilikuwa nimechora langu kuzunguka tuta, kwa sababu tuta ndilo kazi yangu, tuta ndilo nililolipwa. Na duara baya kuliko yote, lile la 1.11, nilipolikuza kwenye skrini, lilikuwa limeegemea ukingo wa sanduku.

Duara likiegemea ukingo, maana yake kutafuta hakujaisha. Ni kama umemtafuta mtoto chumba hadi chumba, ukasimama mlangoni kwa sababu uliambiwa utafute ndani ya nyumba tu.

Nikalipanua sanduku. Mita 30 kuelekea juu, mita 25 kuelekea chini ya kibanda, kina hadi mwambani. Nikabofya.

Duara jipya halikugusa wavu hata mmoja. Lilipita nyuma ya ncha zote 11, likazama chini ya tuta lote kama bakuli chini ya ugali, likatokeza mita kadhaa mbele ya magunia ya mama. Kipimo, 0.97.

Nikalifuta tuta, nikabaki na mlima kama alivyouumba Mungu na walivyoujenga jirani. 1.04.

Kwa hiyo mlima ulikuwa umesimama kwa 4 katika 100, siku za maji, na mimi nilikuwa nikiukaribia na tuta la mita 7 begani, nimejivunia kwamba tuta lenyewe limefungwa barabara. Tuta lisingevunjika, huo ndio ukweli. Lingeshuka likiwa zima. Nimewahi kuona mizigo iliyofungwa vizuri sana, kamba mpya, turubai jipya, juu ya lori lisilo na breki.

Sikuamini duara peke yake. Nikaomba kwa rafiki mwenye programu nyingine, PLAXIS, ile iliyoanzia chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, anifanyie kwa njia ya pili. Kule huchori duara. Unaupunguzia udongo nguvu kidogo kidogo hadi utakapoanza kusogea wenyewe, nao unakuonyesha unasogea wapi. Namba yake ilitofautiana na yangu kwa sehemu ndogo sana. Picha ndiyo iliyonikalia: ukanda mwekundu, mnene, umeanzia chini kwenye kibanda, unapanda kuelekea kwa jirani wa juu, ambaye hata hakuwa ndani ya mchoro wangu wa kwanza.

Yule rafiki akaniandikia ujumbe mfupi. "Tuta lako liko sawa. Shida ni dunia iliyo chini yake."

## Ile karatasi ya kijani

Sehemu ngumu haikuwa hesabu.

Nilimkuta mzee amekaa mbele ya nyumba, na fundi wake, na rundo la kokoto lililokwishanunuliwa. Nikamweleza. Sikutumia maneno ya kitaalamu, ila sikujificha pia. Nilisema nilikosea maji, na nilikosea mahali pa kutafutia.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatoa mfukoni ile karatasi, bado imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti.

"Na hii?"

"Hii ni ya Julai, Papa."

"Julai mwaka gani haina Aprili?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Nikampa pendekezo jingine. Tuta lishuke kutoka mita 7 hadi 3, nyumba iwe ndogo. Pesa nyingi zilizokuwa za wavu ziende kwenye maji: mitaro mirefu yenye kokoto iliyovikwa kitambaa cha kuchujia ili udongo usiizibe, ikichimbwa kuingia mlimani, mabomba yaliyotobolewa yakilala chini ya mitaro hiyo, mfereji kwenye kila paa la parseli yake na tangi. Nilikuwa nimejaribu kwenye faili: kuushusha mstari wa buluu mita 2 peke yake kulirudisha mlima hadi 1.22, bila wavu wowote, bila tuta lolote. Safu zote 11 zilikuwa hazijafanya nusu ya hiyo.

Fundi aliangalia kokoto, akasema kwa upole kwamba mtaro hauonekani. Mpangaji haji kuona mtaro.

Na kuna jambo nililolisema kwa sauti ya chini, kwa sababu linanitesa bado. Mitaro ya mzee itakausha maji ya mzee. Maji ya jirani wa juu, ya choo cha jirani wa juu, ya bomba lile ambalo watoto wanachota, yanaingia mlimani mahali ambapo mzee hana hati. Programu yangu haijui mipaka ya parseli. Mlima pia haujui. Lakini anayelipa anaijua sana, na nilimwona akifanya hesabu ile kichwani: kwa nini nilipe mimi kukausha mlima wa watu wote?

Hakukubali. Hakukataa. Alisema, "Unaonyesha maji kwenye kompyuta. Mimi nataka kuyaona."

Nilitaka kukasirika. Kisha nikakumbuka kwamba mstari wangu wa pili wa buluu, ule wa 1.11 na wa 0.97, ulikuwa na nukta moja tu ninayoijua. Nyingine zote nilidhani. Nilikuwa nimetoka kwenye kubuni kunakopendeza nikaenda kwenye kubuni kunakotisha, na yote mawili yalitoka kwenye kipanya kilekile.

## Bomba tatu

Tumeweka mabomba matatu ya plastiki, yale ya kawaida ya maji, tumeyatoboa sehemu ya chini kwa msumari wa moto, tukaivisha kitambaa, tukayazamisha mita 6 kwenye mashimo ya kuchimba kwa mkono. Moja juu, kwa jirani, ambaye alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hatutafuti dhahabu. Moja katikati ya parseli. Moja nyuma ya kibanda cha mama. Mchanga chini, udongo mfinyanzi uliofinyangwa mdomoni ili maji ya juu yasiingie. Kifaa cha kusomea ni kamba yenye fundo kila sentimita 10 na nati ya chuma mwishoni. Ikigusa maji inalia *tob*.

Mwanangu ndiye anayeisikia vizuri kuliko mimi.

Sasa shaka mpya. Katika udongo mfinyanzi, bomba lenyewe huchelewa. Maji yaliyo nje ya bomba yakipanda, yanahitaji muda kupenya hadi bomba lijae kufikia kiwango chao. Kwa hiyo nikisoma kwamba kilele kimefika siku ya tatu, je, ni mlima uliochelewa siku tatu, au ni bomba langu? Dawa yake ni kulikausha bomba kwa kuchota, kisha kuhesabu linachukua saa ngapi kurudi. La juu lilirudi kwa saa 5. La katikati, karibu saa 20. La chini lilirudi nikiwa bado nakunja kamba, jambo ambalo linasema kuna njia ya wazi pale, ufa au tabaka la mawe, na maji yanaitumia.

Mama alitutazama siku nzima hiyo. Mwishoni akauliza kama bomba lile litabaki. Nikamwambia litabaki masika yote. Akauliza kama anaweza kulitundikia kamba ya kuanikia, nikamwambia hapana, akasema basi nimletee lingine la kwake.

Mvua kubwa ilikatika Jumatatu, kama saa tisa alasiri. Nilishuka jioni ile ile: bomba la chini, mita 3.20 hadi kwenye maji. Jumanne jioni, 2.60. Jana jioni, 1.40, na udongo unaozunguka kibanda umeanza kubadilika rangi. Bomba la katikati linapanda pia, ila hilo silihesabu mpaka nitoe zile saa 20.

Leo ni Alhamisi, siku ya tatu. Mzee amesema atakuja mwenyewe saa kumi na moja, na amesema kamba ataishika yeye. Nilipopita asubuhi, magunia yalikuwa yameshapanda juu ya mawe.